Walinizika Mlingotini Nikiwa Kiwangwa

"Kazi yako hiyo, wakikuchoka wanakufukuzaje?"

Mama aliniuliza swali hilo uani kwetu, Mlingotini, huku akifunga miche ya mwani kwenye kamba. Hakuinua hata uso. Nami, mwenye shahada ya sanaa za maonyesho, niliyezoea kubishana na wahadhiri mpaka wakaanza kutazama saa zao... sikuwa na jibu. Nilicheka tu. Nikamwambia, "Mama nawe! Sisi ni wasanii, hatufukuzwi."

Leo jibu ninalo, wasomaji wenzangu. Ni kweli hawakufukuzi. Wanakuzika!

Naitwa Zuhura. Nina miaka ishirini na minane. Nilipomaliza chuo Dar es Salaam, wenzangu wenye akili walikimbilia benki na ualimu. Mimi nilisema nitaishi kwa sanaa. Nikaanza kwa "kujitolea" kwenye redio moja, mwaka mzima. Kujitolea! Neno zuri walilolibuni wenye ofisi ili mtu afanye kazi bure na kushukuru juu yake.

Kisha nikasikia kuna tamthilia inarekodiwa Bagamoyo mjini, ndani ya nyumba ya kale ya kupanga. Nikaenda kujaribiwa, nikapata. Nilikuwa Salha, mke mdogo wa tajiri, binti mpole mwenye siri. Siri yenyewe hata mwandishi hakuijua.

Mwenye tamthilia tulimwita Anko Rama. Alivaa miwani ya jua hata chumbani. Tasbihi mkono wa kulia, sigara mkono wa kushoto. Kila mwigizaji mpya alimkaribisha kwa maneno yale yale: "Hapa hakuna bosi, mwanangu. Hapa ni familia." Watu walilia kwa furaha kusikia hivyo. Mimi nilijiuliza, familia gani hii ambayo baba peke yake ndiye mwenye funguo za jiko? Nilijiuliza kimoyomoyo, lakini. Nilikuwa na njaa ya kazi.

Ngoja niwaeleze jinsi kazi ilivyokwenda, maana huko kwenye luninga hamwoni.

Skripti tuliisikia tu. Kila asubuhi Anko Rama alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu, akieleza leo nani atagombana na nani. Sisi tukajaza maneno. Mimi nilikuwa nawatungia wenzangu karibu yote, kwa sababu yale ya Anko Rama hayakutamkika na kinywa cha binadamu. Jina langu kama mtunzi halikuandikwa popote.

Na mkataba? Haukuwepo. Hakuna aliyeandikiwa kuanza, wala hakuna aliyeandikiwa kuacha. Mwigizaji akichelewachelewa, mhusika wake alipata safari ya ghafla ya Muscat. Akidai nauli, mhusika wake aliugua akapelekwa India. Hao tuliwaita "waliosafirishwa", na ukiomba radhi vizuri unaweza kurudi, begi mkononi, kana kwamba umetoka uwanja wa ndege. Lakini aliyemuudhi Anko Rama kweli kweli alizikwa. Akizikwa amekwisha! Na huambiwi mapema. Unasikia asubuhi, kwenye ujumbe wa sauti, pamoja na wenzako wote: "Leo, familia, tuna msiba."

Watu wazima, wenye watoto, tulisikiliza simu zetu kila asubuhi kama wagonjwa wanaongoja majibu ya vipimo. Tukaiita sanaa.

Sasa niwaambie kuhusu kwetu, maana bila hilo hamtaelewa nilipoteza nini.

Kwetu si matajiri. Mama analima mwani. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mwosha maiti wa wanawake. Nusu ya kina mama waliolala makaburi ya Mlingotini waliondoka duniani wakiwa wameoshwa na mikono yake. Palipokuwa na msiba, nyumba yetu ilitangulia. Mama alichota maji, Bibi aliosha, mimi nilipokuwa mdogo nilitandika majamvi. Mama alipenda kusema, "Wengine wana maduka. Sisi tuna watu." Na kweli tulikuwa nao. Sikuwahi kuona nyumba yetu ikipatwa na jambo halafu tukawa peke yetu. Hiyo ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo.

Siku moja nilimpeleka Anko Rama nyumbani kunywa chai. Akazunguka uani akitazama kuta kama dalali. Akasema, "Hapa pana uchungu wa asili. Hapa mtu akifa patapendeza."

Mama akanong'ona, "Huyu mgeni wako ni mzima?"

Nilimwambia ndivyo wasanii wanavyozungumza. Mjinga mimi!

Rafiki yangu mkubwa kwenye kazi alikuwa Tatu. Yeye aliigiza mke mkubwa, adui yangu. Nje ya kamera tulipanga chumba kimoja na kula sahani moja. Tatu ndiye aliyenichochea kila siku kuhusu mikataba. "Zuu, wewe ndiye msomi wetu," alisema. "Sisi tukisema tutaonekana tuna njaa. Wewe ukisema itakuwa hoja."

Basi nikatoa hoja. Kwenye kikao, mbele ya wote, nilimwomba Anko Rama mikataba ya maandishi.

Wale wale waliokuwa wakilalamika jikoni kila mchana wakaanza kutazama kucha zao. Tatu alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho. Alilimenya kwa makini ya ajabu, ganda lisikatike.

Anko Rama akatabasamu. "Zuhura mwanangu, mkataba ni wa watu wasioaminiana. Kwani huniamini?"

Nikamjibu, "Sikuamini, Anko. Na wewe usiniamini. Ndiyo kazi ya mkataba."

Mtu mmoja aliguna, "Mmh!" Anko Rama alizungusha tasbihi yake, akasema, "Msomi wetu huyu." Kikao kikaisha.

Baada ya hapo alinipenda ghafla. Alinisifu mbele za watu. Halafu akanituma Kiwangwa nikatafute shamba la mananasi la kurekodia fungate ya Salha. Fungate! Nikaona hoja yangu imeingia, sasa mhusika wangu anakuzwa. Nikapanda bodaboda asubuhi, nikaenda kukagua mananasi. Nilipiga picha mashamba mpaka simu ikapata joto. Mtandao wenyewe ulikuja na kuondoka.

Yanayofuata sikuyaona kwa macho. Nimeyakusanya kwa Mama, kwa majirani, na kwa Tatu mwenyewe.

Asubuhi ile ile, mara tu nilipoondoka, na safari hii bila ujumbe wa sauti, kundi zima lilipakia vyombo na kwenda Mlingotini. Anko Rama alikuwa amekodi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wakatandika majamvi nje. Wakaweka jeneza ndani, limefunikwa vizuri. Kamera moja wakaificha dirishani, nyingine nyuma ya pazia la mlango. Waigizaji wa kike wakajifunga kanga, wakaanza kulia.

Wasomaji wa bara huenda msielewe. Kwetu Pwani, harusini utangoja mwaliko. Msibani ukingoja mwaliko wewe si mtu. Ukisikia kilio unakwenda, kwanza unakwenda, maswali baadaye. Anko Rama ni mtoto wa Pwani. Alijua! Alihitaji waombolezaji wengi na hakutaka kuwatafuta. Alitandika jamvi tu, akangoja.

Jirani yetu Bi Tausi alikuwa wa kwanza kufika. Akamuuliza kijana wa vyombo aliyesimama mlangoni, nani amefariki? Naye, kwa maagizo au kwa upumbavu, sijui, akajibu kwamba ni yule binti wa hapa hapa Mlingotini, anayeigiza Salha.

Ilitosha. Habari ilikimbia. Wanawake walitoka majikoni na michele yao. Wanaume waliacha kazi wakajaza majamvi. Mwalimu wa madrasa akaanza kumsomea marehemu Yasini. Maji yalikuwa yamekupwa, Mama alikuwa mbali huko kwenye kamba zake za mwani. Bibi naye alikuwa kitandani, hajiwezi tena. Mtu alimkimbilia Mama hadi baharini kumwita.

Alikuja mbio, kanga zimelowa mpaka kiunoni, akiita jina langu. Si Salha. Zuhura! Zuhura wangu! Akaangukia lile jeneza.

Mmoja wa wapiga picha alishtuka akataka kuzima kamera. Anko Rama akamzuia. Akasema kwa sauti ya chini, "Usiguse! Machozi kama haya hununui popote."

Na Tatu? Tatu, mke mkubwa wa tamthilia, ndiye aliyekuwa kiongozi wa waliaji. Alimpokea Mama yangu mikononi. Alimkumbatia, akamlaza kifuani, akalia naye. Tatu aliyekula wali wa Mama yangu! Tatu aliyejua kwamba wakati huo mimi niko Kiwangwa nahesabu mananasi! Neno moja tu sikioni lingetosha: mzima. Hakulisema. Alimbembeleza Mama huku akigeuza uso wake upande wa kamera.

Mimi huko shambani mtandao ulirudi, nikakuta nimepigiwa simu nyingi kupita kiasi. Nikampigia Mjomba Sefu, kaka yake Mama.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Zuhura. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akaitika kwa mazoea... halafu nikasikia simu imeanguka chini na Mjomba akipiga ukelele wa kuomba ulinzi wa Mungu.

Nilifika nyumbani alasiri. Jeneza, kamera na Anko Rama vyote vilikuwa vimekwenda zake. Mjomba alikuwa amewaambia watu kwamba amesikia sauti yangu, na ndipo kijana wa vyombo akaungama ilikuwa ni maigizo. Mama nilimkuta sebuleni, kanga zimemkaukia mwilini, chumvi nyeupe miguuni. Alinishika uso, akanishika mabega, akaniminya mikono kama anayekagua kitambaa dukani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umekula?"

Ndipo nilipolia.

Bi Tausi alikuwa ameketi pembeni. Akasema, "Mwanangu, sisi tumeshakusomea. Sasa Yasini tunairudishaje?" Hakuwa anatania. Mwanamke mwingine akasema wali wao wa msiba, ule walioupika kwa jasho, umeliwa na watu wa kamera. Walikula, wakaosha mikono, wakapakia sahani za watu wengine kwa bahati mbaya.

"Mmetuchezea," akaniambia mimi. Mimi! Marehemu!

Kesho yake nilikwenda Bagamoyo. Anko Rama alinipokea kwa mikono miwili. "Mwanangu, umekufa vizuri! Wasanii wangapi wanapata mazishi kama yale?" Nilimuuliza kama ana mama. Akajibu sanaa ina gharama zake. Nimegundua, wasomaji, kwamba wanaopenda kusema sanaa ina gharama huwa hawalipi wao.

Tatu nilimkuta chumbani kwetu anajipaka mafuta. Nilimuuliza kwa nini hakumnong'oneza Mama yangu.

"Nilikuwa nimefungwa maikrofoni kifuani, Zuu. Ingesikika."

"Ungemvuta pembeni."

"Kamera ilikuwa inarekodi! Ningevunja tukio zima, ningeonekana siwezi kazi." Halafu, bila aibu, akauliza, "Kwani mtoto wake si alirudi?"

Nilikusanya nguo zangu. Siku hizo nilidhani chuki inaunguza. Si kweli. Chuki niliyoihisi kwa Tatu ilikuwa baridi, kama ya mtu anayetazama mende kwenye sukari.

Nilikwenda kulalamika kwa wakubwa wa chama cha wasanii. Walinisikiliza kwa huruma kubwa, wakaagiza soda, kisha wakauliza, "Mkataba wako unasemaje?" Nilicheka mpaka wakaogopa.

Laiti ingeishia hapo! Kudhalilishwa mimi ningevumilia. Kukosa kazi nilishazoea. Lakini masika yaliyofuata, Bibi alifariki.

Alifariki asubuhi, kitandani kwake, mkono wake mkononi mwa Mama. Mama akatoka mlangoni akatoa kilio. Kile kile kinachojulikana, ambacho kwa miaka yote kilifungua kila mlango wa mtaa.

Milango haikufunguka.

Nilimwona mwanamke amesimama kwenye uzio wake na upawa mkononi, anachungulia dirisha letu, kisha paa, kisha vichaka. Alikuwa anatafuta kamera! Wawili walipita njiani, mmoja akasema, nikamsikia kwa masikio yangu, "Hao wanataka kiki tena." Kiki! Bibi yangu, aliyewaosha mama zao, ameambiwa anatafuta umaarufu...

Mjomba alikwenda msikitini ili msiba utangazwe kwenye kipaza sauti. Muadhini akasita. Alisema hakatai, ila safari hii angependa kuja kuona kwanza. Akaja. Mjomba akafunua shuka usoni mwa Bibi, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kituoni. Muadhini akainamisha kichwa, akaondoka haraka. Lakini hata baada ya tangazo, watu walitazamana. Walishasomea jeneza tupu mara moja.

Mwosha maiti hana wa kumwosha, mnaliona hilo? Bibi tulimwosha mimi na Mama, na Bi Tausi. Na Bi Tausi naye alisimama kwanza mlangoni, beseni kiunoni, akaniambia, "Niapie."

"Wallahi, Bi Tausi. Bibi amefariki."

"Niapie tena."

Nikaapa tena. Ndipo akavua viatu akaingia.

Mmewahi kuona mazishi ya kwetu? Jeneza halitulii begani. Wanaume hupokezana kila hatua, wanagombea thawabu, linakwenda kama linaelea juu ya umati. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama mlangoni na Mama tukaliangalia likiondoka. Mjomba, binamu zangu, majirani wachache. Walioliinua ndio wale wale waliolifikisha. Hapakuwa na wa kuwapokea. Niliwaona wakilitua njiani kupumzika... wakalitua chini, wasomaji, Bibi yangu! Wakavuta pumzi, wakaliinua tena.

Jioni, habari za kaburi jipya zilipoenea, watu walikuja. Walikuja na sukari, na mchele, na nyuso za aibu. Kila mmoja alisema tulidhani, tulidhani. Mama aliwapokea wote kwa adabu. Siku ya tatu, tulipokuwa tunaanua tanga, aliniambia maneno ambayo sitayasahau: "Siku ile ya uongo, watu walijaa mpaka njiani. Nilililia jeneza tupu nikiwa na dunia nzima. Mama yangu nimemlilia na nani?"

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku hizi nafundisha kwa muda katika shule moja ya binafsi. Barua yao ya ajira ni mbaya, lakini ni barua. Inasema waziwazi watanifukuzaje, na nimeisoma kama wengine wanavyosoma barua ya mapenzi.

Vijana wenzangu mnaopenda sanaa, siwaambii muiache. Nami bado naandika. Ila naomba mtumie ubongo mliosomeshewa. Mtu akikuambia "sisi ni familia", muulize mirathi inagawanywaje. Akikuambia mkataba ni wa wasioaminiana, ondoka kabla chai haijapoa. Rafiki anayekusukuma useme mbele za watu, mwambie asimame pembeni yako, asipotaka basi akale chungwa lake. Na kwenu, kwa mama yako, kwa majirani zako, usimpeleke mtu anayetazama machozi na kuona bidhaa. Kazi hupotea ikapatikana nyingine. Watu wakiacha kukuamini unapolia, utawapata wapi wengine?

Tamthilia ile sikuitazama tena. Ilionyeshwa kwenye king'amuzi cha kulipia, na kwetu hakuna aliyelipia. Muda wote huo niliamini kwamba nchi nzima ilimwona Mama yangu akianguka juu ya lile jeneza. Nikikutana na watu mjini nilikwepa macho yao.

Mwaka huu, kwenye foleni ya benki, nilikutana na aliyekuwa mhariri wetu wa picha. Naye alishazikwa, kwa namna yake; Anko Rama alipata wa bei nafuu zaidi. Tukasalimiana, tukacheka kidogo. Nikamuuliza kuhusu tukio la mazishi ya Salha, watazamaji walisemaje.

Akanishangaa. Kumbe halikuonyeshwa kabisa. Wakubwa wa kituo cha luninga walilirudisha, wakaagiza Salha afe kwa simu, kwa sentensi moja. Walisema yule mama mwenye kanga zilizolowa anazidisha, kilio chake hakiaminiki.